Tangi la Kulanti Halijazwi Hadi Mdomoni

Malalamiko kuhusu magari "yanayotapika maji" yameongezeka kwenye dawati letu la ukaguzi, na baadhi ya wenye magari hutufikia wakiwa wameshaambiwa injini ifunguliwe. Kabla ya kufika huko, tunaomba kila mmoja aangalie kwanza kiwango cha kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, alichojaza kwenye tangi lake.

Kulanti ikipata moto hutanuka. Lita 6 zikitoka kwenye ubaridi hadi nyuzijoto 90 huongezeka kwa takriban robo lita, na robo hiyo lazima ipate pa kwenda. Nafasi tupu iliyo juu ya alama ya MAX imewekwa kwa kazi hiyo. Ukiijaza, presha hupanda, vali ya mfuniko hufunguka na kulanti humwagika chini ya gari. Kesho yake mwenye gari huona kiwango kimeshuka, anaongeza tena hadi mdomoni, kisha analalamika kwamba gari "linakunywa maji". Halinywi. Linatoa kile ulichozidisha.

Utaratibu ni huu. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe na ipoe kabisa. Asubuhi kabla ya kuwasha ndio wakati mzuri zaidi. Soma kiwango kupitia ubavu wa tangi bila kufungua mfuniko. Kikiwa kati ya MIN na MAX, acha. Kikiwa chini ya MIN, funika mfuniko kwa kitambaa, uzungushe taratibu hadi presha yote itoke, ndipo uufungue. Ongeza kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kidogo kidogo, na usivuke MAX. Funga mfuniko hadi mwisho. Kipimo cha injini ya moto kisikushtue: kiwango kuwa juu zaidi wakati huo ni kawaida.

Mfuniko kamwe usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Kwa presha ya takriban bar 1, maji ndani ya mfumo hayachemki hadi karibu nyuzijoto 120. Presha ikiondoka ghafla huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Tumeshaona majeraha hayo, na yanaepukika.

Kiwango kikiwa sahihi na bado kulanti inamwagika, hapo ndipo fundi anahitajika. Aanze na mfuniko wenyewe, ambao lazima uwe na presha ileile iliyoandikwa kwenye ule wa awali, kisha feni na themostati (vali inayodhibiti mzunguko wa kulanti kulingana na joto). Mapovu yasiyokoma ndani ya tangi, au moshi mweupe wenye harufu tamu, huashiria kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Maji matupu ya bomba si suluhisho; huleta kutu na magamba ndani ya rejeta.

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu inayovutia watoto na wanyama. Iliyomwagika ifutwe mara moja, isimwagwe mtaroni. Gari likija kwenye ukaguzi likiwa linavuja, hurudishwa, na mwenye gari hulazimika kulileta upya baada ya matengenezo, hata kama kosa lilikuwa kujaza kupita kiasi tu.