Bondo si mji
Huyu wa juzi ni kijana wa nne mwezi huu. Tumekaa Kirumba, Mwanza, chai haijapoa, ananiambia: "Kaka, data ipo tu mtandaoni, mimi nataka kujenga modeli ya Kiswahili." Yaani programu inayojifunza lugha kwa kusoma maandishi mengi. Nimechoka kuijibu sentensi yake hiyo kwa upole.

Kiswahili mtandaoni kipo, tena kingi. Ila mteja wako haongei kama taarifa ya habari. Tuliwahi kupewa ujumbe wa simu wa wauza samaki wa soko la Mwaloni, modeli itambue majina ya watu, mahali na tarehe. Modeli ilikuwa imefundishwa kwa habari za magazeti. Kila mtu akiandika "bondo", yenyewe inasema mahali. Ni kweli, Bondo ni mji, uko Siaya, Kenya. Lakini Mwaloni bondo ni lile puto la hewa la sangara, na kilo yake inaizidi minofu bei kwa mbali. Kwa hesabu ya modeli, watu wa Kirumba walikuwa wanauza mji kwa kilo.

Kuna wanaoona dawa ni kutafsiri data ya Kiingereza kwa mashine. Hapo ndipo napandwa na hasira. Saa 2 asubuhi yetu, Mwingereza anaihesabu 8. Mashine inaihamisha 8 kama ilivyo, na abiria wa Nansio anaambiwa saa 8 wakati meli ilishaondoka zamani. Halafu unatafsiri na seti ya majaribio, yaani data ya kuipimia modeli, kwa mashine ileile! Aliyekosea ndiye aliyetunga mtihani, lazima ufaulu.

Dawa yangu, ambayo wenzangu ofisini wanaichukia: kila asubuhi soma sentensi 200 kwa macho yako kabla hujaandika programu yoyote. Ndipo utakapoona "hawajalipwa" imekatwa vipande visivyo na maana, ukanushi umemezwa, na lalamiko la mtu limehesabiwa kuwa pongezi.

Halafu kuna visingizio vya vijana hawa. "Kisukuma ni Kibantu, modeli ya Kiswahili itakielewa." Haitakielewa. Kina irabu 7 na toni, na kwenye simu watu wanaandika kwa a, e, i, o, u tu, kwa hiyo herufi moja inabeba sauti mbili. NLLB-200, modeli ya kutafsiri ya mwaka 2022, ina lugha 200. Kijaluo kimo, Kisukuma hakimo.

"Bila PhD hupati kazi." Matangazo mengi ya kampuni kubwa yanaitaka, sikatai. Lakini Masakhane, jumuiya ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika iliyoanza 2019, haikuuliza mtu cheti, na mwaka 2021 ilitoa MasakhaNER, data ya majina katika lugha 10, Kiswahili kikiwemo. Kazi ya namna hiyo inasomeka kwenye CV.

"Sina kompyuta kubwa." XLM-R ndogo, modeli ya lugha nyingi iliyokwisha kufundishwa, ina vigezo (namba inazojifunza) milioni 270 hivi, si kubwa. Kodisha GPU, ile chipu ya kufundishia modeli, mtandaoni kwa saa chache, usinisumbue.

"Kiswahili nimezaliwa nacho." Vizuri. Basi nieleze kwa nini ni "rafiki yangu mzuri" na si "rafiki wangu mzuri". Ukikwama, rudi kwenye ngeli.

Yule kijana nilimpa faili la sentensi 500 za Mwaloni azisome, aniambie kila "bondo" ni ipi. Tangu Jumanne hajapokea simu.