Betri Kwanza, Kamera Baadaye: GoPro ya Binti Anayekwenda Kwenye Theluji

Desemba iliyopita, msimu wa harusi ukiwa umepamba moto, mama mmoja mwalimu kutoka Tukuyu alinifuata ofisini kwangu Mwanjelwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na majina ya kamera tano, bei zake kwa dola, na alama ya kuuliza mbele ya kila jina. Binti yake, miaka 17, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Usharika wao una urafiki na usharika mmoja wa Ujerumani, na vijana kadhaa walikuwa wamealikwa kule Februari. Katika ratiba kulikuwa na siku nne za kujifunza ski, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni, huko Garmisch-Partenkirchen, chini ya mlima Zugspitze.

“Shikamoo mwalimu,” nikamwambia, “kaa kwanza.”

“Marahaba mwanangu. Sina muda wa kukaa. Niambie tu ipi ina K nyingi.”

K ni ile ya 4K, kipimo cha ukubwa wa picha ya video. Hapo ndipo tulipokaa saa nzima.

Kazi yangu ni video: harusi, send-off, kipaimara, misiba. Zile kamera ndogo za michezo, ambazo mtaani zote tunaziita GoPro hata kama zimeandikwa jina jingine, ninazo tatu, na ninazifunga kwenye pikipiki, kwenye boneti ya gari la maharusi, mara moja hata kwenye pembe ya ng'ombe wa mahari. Kwenye ski sijawahi kufika. Ila baridi naijua, na kwa safari kama hii baridi ndiyo inayochagua kamera.

Nilijifunza hilo kwenye uwanda wa Kitulo. Ilikuwa Julai, nimepanda na mteja kupitia Isyonje kwenda kupiga wakulima wa viazi alfajiri. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi majani yamejaa jalidi, ukikanyaga yanalia kama chumvi ya mawe. Kamera ilikuwa imejaa chaji tangu usiku. Jua lilipoanza kutoka, saa niliyoitaka kuliko zote, skrini ikaonyesha asilimia 40 halafu ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nikairudisha kwenye gari nikiilaani. Baada ya nusu saa karibu na hita ikawaka, na chaji bado ipo.

Betri ile haikuwa mbovu. Ndani ya betri ya lithiamu umeme unabebwa na chembe zinazoogelea kwenye kimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kukiwa na baridi kali mwendo wao unakuwa mzito. Chukua mawese ya Kyela: kwao yanamiminika vizuri, yapeleke Makete asubuhi uone utakavyohitaji kijiko. Chaji haijapotea, ila haitoki kwa kasi ambayo kamera inaitaka, na voltiji ikishuka chini ya kiwango fulani kamera inajizima. Ikipata joto inarudi. Kosa ambalo halirudi ni kuichaji ikiwa imeganda. Chini ya nyuzi sifuri lithiamu inaweza kujipaka kama metali ndani ya betri, na ikishajipaka betri imeumia moja kwa moja. Kwa hiyo nilimwambia mwalimu mapema kabisa: binti asitoe kamera kwenye theluji na kuichomeka pawabanki hapo hapo. Aingie ndani, isubiri.

Kwa sababu hiyo swali langu la kwanza kwenye ile karatasi halikuwa K. Niliuliza: betri inatoka?

Swali hilo liliondoa mbili papo hapo. Mojawapo ilikuwa GoPro HERO ndogo ya mwaka 2024, kamera nzuri sana, gramu 86, iliyotoka kwa dola 199. Mwalimu alikuwa ameizungushia duara kwa sababu ya bei. Ningeinunua kesho kwa ajili ya kuendesha baiskeli hapa Mbeya. Lakini betri yake imefungiwa ndani. Ikikata saa nne asubuhi juu ya mlima, siku imekwisha. Nyingine ilikuwa Insta360 GO 3, ile ya gramu 35 inayonasa kifuani kama beji, nayo kamera yenyewe betri yake haitoki. Kwenye theluji unataka betri mbili za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili, unabadilisha iliyopoa na yenye joto, na ile iliyopoa unairudisha mfukoni ipate nguvu. Ndivyo nifanyavyo Kitulo siku hizi.

Zilizobaki zilikuwa GoPro kubwa na za kampuni ya DJI. GoPro wana betri waliyoiita Enduro, iliyotengenezwa kwa kufikiria baridi. DJI Osmo Action 4, ya mwaka 2023, kiwandani wanasema inafanya kazi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Zote zinaingia majini bila kasha, GoPro mita 10 na ile ya DJI mita 18, kwa hiyo theluji kuyeyukia juu yake si tatizo. Tukaishia kwenye Action 4 iliyotumika, ya kijana mmoja wa droni Iringa aliyekuwa anaiuza na betri tatu. Ingekuwa GoPro yenye betri tatu kwa bei ile nisingebisha.

Sasa habari ya K, maana mwalimu hakuiachia kirahisi. Sokoni ziko kamera za bei ya kuchekesha zilizoandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina lake. Nyingi sensa yake, lile jicho la ndani linalopokea picha, haina pikseli (vidoti vya picha) za kutosha, inapiga picha ndogo halafu inaivuta kama chapati mpaka ifikie ukubwa huo. Faili linaandikwa 4K kweli, ila ukiangalia majani ya mti unaona uji. Kwa video ya kuangalia kwenye simu na kwenye luninga ya sebuleni, 1080 iliyo safi, ukubwa ulio chini ya 4K, inaishinda 4K ya kuvutwa. Kilicho muhimu kuliko K ni kutuliza mtikisiko. Kamera nzuri zina kihisi kinachojua mwili umeyumba kwenda wapi, nazo zinasogeza picha upande wa pili kwa kukata kingo zake. GoPro walipoleta HyperSmooth, jina lao la kutuliza mtikisiko, kwenye HERO7 Black mwaka 2018, sisi wa pikipiki tulidhani ni mazingaombwe. Mtu anayejifunza ski anatetemeka magoti kutwa nzima. Bila hiyo, bibi akitazama video atatapika.

Kipengele ambacho sikukiona popote kwenye ile karatasi, na ambacho ningekipa ukurasa mzima, ni uso wa binti mwenyewe.

Mpiga video wa harusi analijua tatizo hili kutoka kwenye shela. Kamera haijui kama kinachoonekana ni cheupe. Inapima mwanga wote na kujaribu kuufanya uwe wa katikati, kijivu. Bibi harusi akijaza fremu kwa gauni jeupe, kamera inasema “hapa kumezidi mwanga”, inapunguza, na gauni linakuwa la rangi ya jivu huku uso wake unageuka kivuli. Sasa weka mlima mzima wa gauni jeupe na jua juu yake, katikati yake binti mweusi wa Kinyakyusa amevaa helmeti. Ukiiachia kamera ijiamulie, utapata theluji ya kijivu na meno yanayocheka bila uso. Dawa yake ni ndogo: kwenye mipangilio kuna alama ya kujumlisha na kutoa, ambayo wenye kamera huiandika EV. Ipandishe kidogo, nusu hadi moja. Theluji ya nyuma itaungua kidogo, iwe nyeupe tupu, iache iungue. Uso ndio tuliousafirisha.

Theluji sina, lakini shuka ninalo. Tulitundika mashuka mawili meupe kwenye kamba nyuma ya ofisi, saa sita mchana, binti akasimama mbele yake na helmeti ya bodaboda kichwani. Tukapiga kwa sifuri, kwa nusu, kwa moja. Alipoona video ya kwanza na ya tatu aliacha kuniuliza maswali ya adabu na kuanza kuuliza ya kweli. Rangi nayo tuliifunga kwenye nyuzi 5,500 za Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, maana kamera ikiachiwa juu ya theluji inaweza kuhangaika kati ya bluu na njano katika video moja.

Jambo la pili alilouliza lilikuwa glovu. Skrini ya kugusa haikubali glovu nene, na kuvua glovu kwenye baridi ile ili ubonyeze kidoti ni adhabu. Kwa hiyo ile njia ya kitufe kimoja lazima iwashwe: ukibonyeza kitufe cha juu, kamera inaamka na kurekodi yenyewe, ukibonyeza tena inaacha na kulala. Tulimfanyisha mazoezi na glovu za kuchomelea za fundi jirani. Alikosea mara mbili, ya tatu akaweza.

Wapi aifunge? Yeye alitaka helmeti, kama anavyoona mtandaoni. Nilikataa, na mama akanishukuru kwa macho. Michael Schumacher, yule bingwa wa mbio za magari, alipoanguka akicheza ski Méribel, Ufaransa, tarehe 29 Desemba 2013, alikuwa na kamera kwenye helmeti, na tangu hapo watu wanajadili kitu kigumu kama kile kinafanya nini pale helmeti inapogonga mwamba. Mimi si daktari wala mtengeneza helmeti. Ila mwanafunzi wa siku ya kwanza anaanguka mara nyingi, na helmeti ni ya kuazima. Kifuani, kwenye mkanda wa mabegani, kamera haigusi kichwa, na inaonyesha mikono, fimbo na ncha za mbao za ski, vitu vinavyomfanya mtazamaji ajue tunashuka. Hilo la mwisho si dogo. Lenzi hizi ni pana mno, na upana unalaza mteremko. Mteremko mkali unaokutoa jasho unaonekana kama uwanja wa Sokoine.

Memori kadi niseme kwa kifupi: iwe na alama ya V30, yaani inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kuchoka, na iwe halisi. Ukirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde (megabiti nane ni megabaiti moja), saa moja inakula gigabaiti 45, kwa hiyo kadi ya 128 inatosha siku ya mwanafunzi. Kadi za kughushi zinazojiita 512 kwa bei ya 32 zipo tele. Zinapokea video zote kwa upole, ukifika nyumbani hazifunguki. Ijaze kadi yote kwa programu ya kupima kadi kama H2testw kwenye kompyuta kabla ya safari. Inachukua saa nyingi, acha ifanye kazi usiku.

Kamera hizi pia nyingine zinataka kusajiliwa kwa programu ya simu kabla hazijafanya kazi. Fanya hivyo nyumbani, kwa bando lako. Betri za akiba ziende kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Na plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii ukutani Ujerumani.

Jaribio la mwisho lilikuwa friza. Friza ya kawaida ya nyumbani iko kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na jirani yangu anauza kuku wa barafu. Tuliifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni, tukaibana hewa, ikarekodi giza katikati ya vidari. Dada yule alikuja mara mbili kuniuliza kama ile “simu” yangu bado haijafa. Ilikata mapema kuliko mezani, lakini si kwa aibu. Mfuko una sababu: kamera baridi ikiingia chumba chenye joto, mvuke wa hewani unageuka matone ya maji juu ya lenzi na ndani ya mlango wa betri, kama chupa ya soda. Ikikaa mfukoni mpaka ipate joto, maji yanabaki nje ya nailoni. Binti alipewa mifuko kumi.

Alirudi mwanzoni mwa Machi. Zugspitze ina mita 2,962, karibu sawasawa na Rungwe anaouona kutoka kwao kila siku, na nadhani hilo lilimshangaza kuliko theluji. Betri hazikumwangusha. Niliyemwangusha ni mimi. Mkanda wa kifuani niliupima akiwa amesimama wima mbele ya mashuka, na mtu wa ski anainama. Siku nzima ya kwanza ni magoti na theluji ya futi mbili mbele yake. Mwalimu wake wa ski, Mjerumani, ndiye aliyeinua kamera nyuzi chache siku ya pili. Ukienda huko, iinue kabla, mpaka ukiwa wima iwe inatazama mawingu.

Sasa kamera inarekodi kwaya Jumapili. Juzi alinitumia video, sauti safi, lakini wanakwaya wa pembeni wote wamepinda kama ndizi za Tukuyu. Nimemwambia atoke kwenye picha pana, aweke ile ya kunyoosha mistari, na asogee benchi mbili nyuma.