Kumlaza mkongwe si cheti cha ubingwa

Bondia chipukizi wa uzito wa juu akimlaza mkongwe mwenye jina, mashabiki humvisha taji usiku huo huo. Jina lililoanguka ni kubwa, sawa, lakini mwili uliopigwa ulishachoka zamani. Danny Williams alimwangusha Mike Tyson raundi ya 4, Julai 2004. Desemba mwaka huo huo bingwa Vitali Klitschko akamtwanga Williams hadi refa akasimamisha pambano raundi ya 8.

Wapo pia wanaobeza ushindi wa namna hiyo moja kwa moja. Nao wanakosea: Rocky Marciano alimpiga mkongwe Joe Louis mwaka 1951, Louis akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata Marciano akawa bingwa wa dunia.

Kwa hiyo matokeo peke yake hayasemi kitu. Mkongwe hupoteza miguu na wepesi kwanza. Uzito wa ngumi hubaki. Mtazame chipukizi anapoonja moja nzito: anatulia, au anarudi nyuma kidevu kikiwa juu? Akishatupa ngumi ya kulia, mkono unarudi usoni au unaning'inia kiunoni? Mkongwe huliona kosa hilo vizuri tu, ila hana tena kasi ya kuliadhibu. Mpinzani wa miaka 27 anayo.