Umeona Yak ya zamani inauzwa bei poa? Omba makaratasi kabla hujauliza injini

Upande wetu wa ukaguzi wa ndege tunapata sana maswali ya watu walioona tangazo la ndege ya zamani ya Kirusi, mara nyingi Yak-52, ile ndogo ya viti viwili ya kufundishia urubani, mara moja moja Antonov An-2 lile kubwa la mabawa ya juu na chini. Bei ukiweka pembeni ya ndege ya Kimarekani yenye nguvu hizohizo unacheka, picha kali, rangi mpya, na muuzaji anaapa kwamba inaruka haina shida yoyote. Na inawezekana kabisa inaruka. Ila swali la serikali yako sio kama inaruka, swali ni nani aliyesema kwa maandishi kwamba inafaa kuruka, alisema lini, na alikuwa na mamlaka gani ya kusema hivyo, na hapo ndo watu wengi wanakwama na hela imeshatoka.

Kwanza elewa zimetoka wapi maana vurugu yote inaanzia huko. Yak-52 ilichorwa na ofisi ya Yakovlev ya Moscow lakini ilitengenezwa Bacău, Romania, kiwanda ambacho leo kinaitwa Aerostar, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na zilitoka karibu 1,800. Nyingi zilienda DOSAAF, ile jumuiya ya Kisovieti iliyokuwa inawafundisha vijana urubani na parachuti na kuwaandaa kwa ajili ya jeshi. Zilikuwa mali ya dola, ubavuni hamna herufi za usajili wa kiraia, ni namba tu imepakwa rangi basi. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991 vilabu vikakosa hata hela ya mafuta, ndege zikaanza kuuzwa, zingine na vitabu vyake kamili, zingine nusu, zingine bila kitu.

Sasa tuje kwenye usajili. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kifungu cha 17 kinasema ndege ina uraia wa nchi iliyosajiliwa, na cha 18 kinasema haiwezi kusajiliwa kihalali nchi mbili kwa mpigo. Kwa hiyo afisa wa rejista kitu cha kwanza anachotaka ni uthibitisho kwamba rejista ya zamani imeshaifuta. Ukinunua Cessna kutoka Afrika Kusini hiyo ni barua ya kawaida tu. Ukinunua Yak iliyotoka DOSAAF unakuta haijawahi kukaa kwenye rejista ya kiraia maisha yake yote, sasa nani aandike barua ya kuifuta? Marekani kanuni zao zinakubali mojawapo, uoneshe usajili wa nje umeisha au uoneshe haukuwahi kuwepo, lakini vyovyote vile inatakiwa karatasi ya mtu mwenye mamlaka, sio muuzaji kakuandikia meseji. Na juu ya hapo kuna mnyororo wa mauzo: klabu ilimuuzia nani, huyo akamuuzia nani, mpaka kwako. Kiungo kimoja kikikosekana huwezi kuthibitisha ni mali yako, hata kama imelala kwenye banda lako na funguo unazo wewe.

Kitu kimoja unachoweza kukiangalia mwenyewe ni namba ya kiwandani. Yak-52 namba zake zinasomeka, mfano 877601 ni mwaka 1987, kundi la 76, ndege ya 1 ya kundi hilo. Tafuta kibati chenye namba kwenye bodi, linganisha na iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege, halafu linganisha na mkataba wa mauzo. Zikitofautiana hata tarakimu moja simamisha kila kitu. Kuna ndege zimeunganishwa kutoka mizoga miwili mitatu, bodi ya huku mabawa ya kule, na kitabu ni cha ndege ya tatu kabisa.

Uingereza wamepitia haya yote kwa hiyo ni mfano mzuri. Miaka ya 1990 Yak nyingi zilikuwa zinaishi kwenye viwanja vidogo vya Kiingereza huku zina herufi RA za Urusi au LY za Lithuania. Mwenyewe ni Mwingereza, ndege haitoki Uingereza, lakini anayeisimamia kisheria yuko maelfu ya kilomita. Fikiria mwenyewe hapo nani anakagua nini. Baadae mamlaka yao, CAA, ikazibana zihamie rejista ya G, yaani ya Uingereza yenyewe, na zipate kibali cha kuruka cha nyumbani, na wenye ndege wengi walilalamika sana kuhusu gharama. Kwa maoni yangu mimi CAA walikuwa sahihi na pengine walichelewa. Nchi yenye bendera kwenye mkia wa ndege inatakiwa iwe na mtu anayeweza kufika kuigusa hiyo ndege.

Nimesema kibali, sijasema cheti, na tofauti yake ni kubwa. Cheti cha kuruka cha kawaida kinatolewa kwa ndege ambayo aina yake imepitishwa kwa viwango vya kimataifa na ina mwenye muundo, yaani kampuni yenye haki ya michoro yake, anayeiangalia, anatoa maelekezo pakitokea ufa mahali, anajibu barua. Yak-52 haikupita njia hiyo kwa nchi za Magharibi. Kwa hiyo Uingereza inapewa kibali, Marekani inawekwa kundi la majaribio kwa ajili ya maonyesho, na vyote hivi vina masharti yake. Marekani mwenye ndege anapeleka FAA, mamlaka ya anga ya huko, barua ya mpango wa maonyesho anayotarajia kwenda, na hairuhusiwi kubeba mtu au mzigo kwa malipo. Uingereza tangu 2015 kuna utaratibu wa abiria kulipia safari kwenye ndege za kihistoria, lakini opereta lazima aidhinishwe na abiria asaini kwamba ameelezwa na ameelewa kwamba hii sio ndege ya viwango vya ndege za abiria. Na kuvuka mpaka ndo kabisa, kwa sababu nchi nyingine inalazimika kutambua cheti kilichotimiza viwango vya ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, kibali cha aina hii hailazimiki, kwa hiyo unaomba ruhusa nchi baada ya nchi kabla hujaruka. Watu wananunua ndege Lithuania wakidhani wataipeleka nyumbani wikendi hiyohiyo, haiendi hivyo.

Halafu usidanganyike na neno kale. Umoja wa Ulaya unaziachia nchi wanachama zisimamie zenyewe ndege za kihistoria, lakini kigezo cha umri kinasema muundo uwe wa kabla ya 1 Januari 1955 na utengenezaji uwe umekoma kabla ya 1 Januari 1975. Chukua Po-2, ile ndege ya mbao na kitambaa iliyoruka mara ya kwanza 1928, hiyo inapita bila kelele. Chukua An-2, imeruka mara ya kwanza 1947, ukiiona unasema hii babu yake babu, lakini Poland kiwanda cha Mielec kiliendelea kuzitengeneza mpaka 2002, kwa hiyo kwa kigezo hicho inaanguka. Yak-52 ndo kabisa haigusi hizo tarehe, yenyewe kwa kawaida inapitia mlango mwingine, ule wa ndege zilizotumikia jeshi. Na kuna Yak-3 zilizotengenezwa upya Orenburg miaka ya 1990 kwa michoro ya zamani na injini za Kimarekani za Allison, sura ya vita kuu ya pili, umri wa gari lako la mtumba. Uliza ndege ilizaliwa lini, sio muundo ulizaliwa lini.

Sasa jambo ambalo linawachanganya watu kuliko yote, resursi. Wasovieti hawakuwa na mawazo ya kwamba kitu kikiwa kizima endelea nacho. Kila kitu kikubwa kilipewa ukomo: masaa mangapi mpaka ukarabati mkubwa, masaa mangapi jumla mpaka kitupwe, na miaka mingapi ya kalenda, kipi kitatangulia. Bodi ina ukomo wake, injini wake, propela wake, mpaka mtungi wa hewa. Kwa hiyo unaweza kukuta injini imefanya masaa machache sana, inang'aa, ila miaka imepita na kwa vitabu vyake imekwisha, kama tarehe kwenye paketi ya maziwa ambayo hujaifungua. Muuzaji anakuonesha masaa, wewe uliza tarehe.

Hizi kumbukumbu ziko kwenye kitabu cha ndege, wao wanaita fomulyari, na injini na propela vina vitabu vyao vidogo. Ukikifungua unakuta kurasa zimeandikwa kwa mkono, Kirusi, wino wa bluu, mhuri wa duara kila penye ukarabati au nyongeza ya ukomo. Lipia mtu anayesoma Kirusi cha kiufundi akusomee ukurasa kwa ukurasa, ni hela kidogo ukilinganisha na bei ya ndege. Angalia mihuri inafuatana, angalia masaa hayarudi nyuma, angalia kama kuna pengo la miaka. Kitabu kipya kabisa cha ndege ya 1983, kisafi, mwandiko mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho na kalamu moja, hicho mimi kinanitisha kuliko kilichochanika.

Ukomo unaweza kuongezwa, hiyo ipo na ni halali, lakini mwenye haki ya kuongeza ni mwenye muundo au mamlaka ya nchi yako ikikubali mpango wa ukaguzi badala yake. Sio fundi, sio mwenye ndege. Na msidhani haya ni mambo ya Wazungu wenye hela na michezo yao. 9 Machi 2009 Ilyushin Il-76, usajili wa São Tomé na Príncipe, ilipaa Entebbe na mzigo wa kwenda Mogadishu kwa ajili ya kikosi cha AMISOM, kile cha Umoja wa Afrika huko Somalia, ikaanguka Ziwa Victoria dakika chache baadae, watu wote 11 wakafa, wakiwemo maafisa wa jeshi la Burundi. Uchunguzi ukakuta injini zote nne ukomo wake umepita, na madai kwamba zilifanyiwa kazi na kuongezewa muda hayakuweza kuthibitishwa. Il-76 ni lidege la mizigo sio la kuchezea Jumapili, najua, lakini swali la karatasi ni lilelile.

Spea nazo. Injini ya Yak-52 ni M-14P, silinda tisa za duara, nguvu farasi 360, ilitengenezwa Voronezh. Tangu vikwazo vya 2022 kulipa na kusafirisha kitu kutoka Urusi imekuwa kesi, kwa hiyo watu wanategemea stoku za zamani na karakana za Ulaya Mashariki, na soko likiwa hivyo matapeli wanajaa. Spea bila karatasi ya asili yake ni chuma chakavu hata ikiwa kwenye boksi lenye maandishi ya Kirusi. Upande wa An-2 muundo ni wa Antonov ambao wako Kyiv, na mnajua hali ya Kyiv. Watu wengi pia wanatoa propela ya asili ya V-530 yenye panga mbili, ambayo ndani ni mbao, wanafunga ya panga tatu ya MT kutoka Ujerumani. Propela nzuri sana, sina neno, lakini hayo ni mabadiliko ya muundo, yanahitaji idhini ya mamlaka yako. Ukinunua ndege ikiwa na MT uliza idhini iko wapi na ilitolewa na nchi gani, ya Marekani haihami na ndege kwenda nchi nyingine.

Ukifika kwenye ndege yenyewe nenda na fundi anayezijua hizi, sio fundi mzuri wa Cessna. Yak-52 inaendeshwa na hewa iliyogandamizwa: kuwasha injini, magurudumu, flapu, breki, vyote hewa, karibu kilo 50 kwa sentimita ya mraba. Sikiliza kama inavuja, omba tarehe ya kupimwa kwa mitungi. Kabla ya kuwasha, fundi swichi zikiwa zimezimwa azungushe propela kwa mkono taratibu, kwa sababu oili inashuka kwenye silinda za chini, na ukiilazimisha na hewa kabla hujaitoa unapinda konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni. Muuzaji akiruka hatua hiyo, akaingia tu na kuwasha kwa mbwembwe, basi ameshakwambia injini imelelewa vipi. Angalia nyuma ndani ya mkia kama kuna vitu vimedondoka, maana bodi iko wazi mpaka nyuma, na bisibisi iliyosahaulika inaweza kukaba eleveta, kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, ukiwa kichwa chini miguu juu. Na nguzo ya bawa, ule mhimili mkuu wa ndani unaobeba bawa zima, uliza kama taarifa za kuiimarisha zilifanyiwa kazi na ziko kwenye kitabu. Ndugu yake wa kiti kimoja, Yak-50, amewahi kupoteza bawa angani zaidi ya mara moja kwa sababu ya nguzo kuchoka na sarakasi.

Kwa wanaotaka kuileta moja Afrika Mashariki, tuandikieni kabla hamjalipa, mtume namba ya kiwandani, picha za kurasa zote za fomulyari na vitabu vya injini na propela, na karatasi ya mwisho ya usajili kama ipo. Tunajibu bure. Na kwenye mkataba wenu na muuzaji weka kipengele kwamba sehemu kubwa ya hela inakaa kwa mtu wa tatu mpaka rejista mpya ithibitishe kwa maandishi imepokea ushahidi wa kufutwa au wa kutowahi kusajiliwa. Muuzaji wa kweli anasaini hicho kipengele bila shida, na akianza kukwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na keshi, mwambie amuuzie huyo mteja.