Je, Wajua Kwa Nini Saratani ya Kidole Tumbo Hujaza Tumbo Ute?

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba, kwa kawaida hakizidi sentimita 10, kilichochomoza mwanzoni mwa utumbo mpana. Ngozi yake ya ndani hutoa ute. Uvimbe ukizuka humo, ute hukosa pa kutokea, kidole hufura mpaka kikapasuka, na chembe hai za uvimbe zilizomwagika huendelea kutengeneza ute tumboni. Madaktari huiita hali hii pseudomiksoma peritonei. Huwapata kama watu 1 hadi 4 tu katika kila milioni kwa mwaka. Mwigizaji Audrey Hepburn, aliyefariki Januari 1993, aliugua saratani ya aina hii.

Ajabu ni kwamba chembe hizi kwa kawaida haziendi kwenye damu. Huelea. Utumbo mwembamba haukomi kujinyonganyonga, kwa hiyo haziushiki kwa urahisi. Nyingine huzama kwenye nyonga kwa uzito, nyingine hukwama chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, upande wa ini, ambako maji ya tumboni hufyonzwa na chembe zikabaki kama chicha kwenye kifumbu. Kule kusalimika kwa utumbo mwembamba ndiko kunakompa daktari nafasi ya kutibu, maana mtu haishi bila huo.

Dalili zina hadaa. Suruali inaanza kubana; mwanamume anapasuliwa ngiri, mwanamke anaambiwa ana uvimbe wa ovari, kumbe ni ute. Kuuvuta kwa sindano mara nyingi ni kazi bure, ni mzito kama jeli. CT skani, picha za eksirei za ndani ya mwili, huonyesha kingo za ini zimebonyea, vipimo vya damu vya CEA, CA 19-9 na CA-125, ambazo ni alama za saratani, husaidia kufuatilia, lakini neno la mwisho ni la maabara ya patholojia, inayochunguza nyama iliyokatwa kwa darubini. Ndiyo maana kidole tumbo kilichokatwa hakitupwi bila kupimwa. Kilichofura bila kupasuka kitolewe kizima, ndani ya mfuko. Kikitobolewa, daktari ndiye atakayekuwa ameusambaza ugonjwa.

Tiba iliyoenezwa na daktari mpasuaji Paul Sugarbaker wa Washington, Marekani, huweza kuchukua saa 10 au zaidi. Utando wa tumbo wenye ugonjwa hubanduliwa, na ikibidi bandama, mfuko wa nyongo, ovari na kipande cha utumbo mpana huondolewa. Kisha dawa ya kuua saratani, mara nyingi mitomaisini, huzungushwa tumboni ikiwa na joto la nyuzi 42 za Selsiasi hivi kwa dakika 60 hadi 90. Kisu lazima kitangulie, kwa kuwa dawa hupenya milimita chache tu: bonge lililozidi milimita 2.5 likiachwa, kiini chake hakiguswi.

Baadaye kinachohofiwa zaidi ni mishono ya utumbo kuvuja, na chembe nyeupe za damu kushuka kwa sababu ya dawa. Na anayetarajiwa kutolewa bandama huchanjwa dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo angalau wiki 2 kabla ya kupasuliwa, bandama ikiwa bado ipo kusaidia kujenga kinga.