Kwa nini redio ya country ya Nashville inasikika mbali zaidi usiku?

Je, wajua WSM, stesheni ya AM ya Nashville kule Marekani inayopiga muziki wa country, mchana inasikika Tennessee na majirani zake lakini jua likizama mtu anaikamata akiwa majimbo ya mbali huko? Iko hewani toka 1925, ilianzishwa na kampuni ya bima (ndio, bima), na ndiyo iliyozaa shoo ya Grand Ole Opry.

Sasa ukiuliza watu, wengi watakwambia usiku wanaongeza nguvu ya mtambo. Hapana. WSM inarusha wati 50,000 usiku na mchana, na imekuwa hivyo toka 1932. Tena sheria za Marekani kwa AM zinaenda kinyume kabisa na hiyo dhana, stesheni nyingi ndogo giza likiingia zinalazimika kupunguza nguvu na zingine kuzima hadi asubuhi, maana zikiachwa zitavuruga wenzao wa mbali walio kwenye masafa hayohayo. WSM yenyewe imelindwa usiku kwenye masafa yake, kilohezi 650. Wengine watakwambia ni utulivu wa usiku, sijui hewa ya baridi. Sawa, utulivu unasaidia sikio lako, ila hauwezi kulisukuma wimbi kilomita elfu moja.

Kinachobadilika ni anga. Chukulia unarusha mpira juu ndani ya chumba chenye dari gumu, halafu chini ya dari kuna blanketi zito limetundikwa. Mpira unaingia kwenye blanketi, unaishiwa nguvu, basi. Sasa lile blanketi liondoe, mpira unagonga dari unarudi chini upande wa pili wa chumba. Blanketi ndo tabaka la D, kama kilomita 60 hadi 90 juu, linatengenezwa na jua lenyewe: mwanga wake unang'oa elektroni kwenye hewa, wimbi la AM likipita linazitikisa, zinagongana na hewa na nguvu inaishia kuwa joto. Jua likizama elektroni zinarudi zilikotoka na tabaka linakaribia kupotea. Dari ni matabaka ya juu zaidi, hayo yanabaki usiku na yanalipinda wimbi kurudi ardhini. FM haipati hii bahati, mawimbi yake kwa kawaida yanatoboa yanaishia angani.

Ila hali inabadilika usiku hadi usiku, na kuna kituko kimoja: wimbi lililotoka juu likikutana na lile linalotambaa ardhini, yanaweza kuuana, kwa hiyo aliye karibu kiasi anasikia vibaya kuliko wa mbali. WSM yaliwakuta hayo, na chanzo kilikuwa urefu wa mnara. Mnara wao wa 1932, una umbo la almasi na bado umesimama Brentwood, karibu na Nashville, ulikuwa na futi 878, na mwaka 1939 wakaupunguza hadi 808. Yaani walikata mnara ili wasikike vizuri zaidi.