Roma, mji ulionyweshwa na mteremko

Maji ya Roma ya kale yakitajwa, wengi hukumbuka matao marefu yanayokatiza mashamba. Matao ni sehemu ndogo tu. Aqua Appia, mfereji wa kwanza, uliojengwa mwaka 312 KK, ulipita karibu wote chini ya ardhi. Tao ni gharama; fundi hulijenga pale bonde linapomlazimisha.

Katika mifereji ya Roma, nauchagua Aqua Virgo kwa sababu unapitisha maji hadi leo. Marcus Agrippa, jemadari wa Kirumi, aliufungua mwaka 19 KK. Urefu wake ni kama kilomita 20, na kutoka chanzo hadi mwisho unashuka mita 4 hivi tu. Piga hesabu: sentimita 1 kwa kila mita 50! Mteremko ukizidi, maji hukimbia na kula kuta, tena hufika mjini yakiwa chini mno kugawiwa. Ukipungua, hutuama na kuacha tope. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anaeleza kifaa cha kupimia mteremko: meza nyembamba ya mbao, futi 20 za Kirumi, yaani karibu mita 6, yenye timazi pembeni. Upepo ukiyumbisha timazi, hutazamwa maji yaliyotiwa katika kijifereji kilichochongwa juu yake. Ndiyo pima maji, ila urefu wake ni vitanda vitatu. Ndani ya mfereji walipiga lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa, maana chokaa tupu huvuja.

Uhaba wa mteremko huo unaonekana Piazza di Spagna. Barcaccia, chemchemi ya Pietro Bernini yenye umbo la mashua, imekaa chini ya usawa wa uwanja. Si mbwembwe za msanii. Msukumo wa Virgo hapo ni hafifu, maji hayarushiki juu, basi akaishusha chemchemi iyafuate. Chemchemi ya Trevi, iliyokamilika mwaka 1762, inatumia mfereji huohuo.

Kilichowasumbua wasimamizi zaidi ni wizi. Frontinus, aliyekabidhiwa maji ya mji mwaka 97 BK, ameueleza kwa undani. Mwenye kibali cha kuvuta maji alifungiwa kaliksi, kipande cha bomba la shaba nyeusi chenye urefu usiopungua vidole 12 (sentimita 22), kikiwa na muhuri wa kipimo. Kwa nini si risasi, ilhali mabomba mengine yalikuwa ya risasi? Risasi ni laini, tundu lake hupanuliwa kwa urahisi. Wajanja wakabuni njia nyingine: kaliksi halali, kisha bomba pana mara baada yake, nalo huvuta maji mengi kuliko kibali. Ndiyo maana sheria ilitaka upana usibadilike kwa futi 50 za mwanzo. Hata kuifunga kaliksi chini zaidi kuliko za wenzako kulikupa maji ya ziada.

Mizizi ya miti nayo hupasua kuta, kwa hiyo kando ya matao ziliachwa wazi futi 15 kila upande.

Ukiwa Roma leo, usinunue maji ya chupa. Mitaani kuna nasoni, mabomba ya chuma yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake ni salama kunywa. Ziba mdomo wa mrija kwa kidole. Maji yatachomoza kwenye tundu dogo la juu, unywe bila kuinama sana. Zuia taratibu, la sivyo utaloa uso.